Ed Wood

Edward Davis Wood Jr. (10 Oktoba 1924 – 10 Desemba 1978), anayejulikana zaidi kwa jina la Ed Wood, alikuwa mwongozaji, mtayarishaji, mwandishi na mwigizaji wa filamu kutoka nchini Marekani. Alitengeneza filamu za gharama ndogo za kutisha, za uhalifu na za kubuni za kisayansi, hasa kati ya mwaka 1953 na 1960. Zinazojulikana zaidi ni Glen or Glenda, Bride of the Monster na Plan 9 from Outer Space.

Wakati wa uhai wake hakupata fedha wala sifa. Miaka miwili baada ya kufa kwake, kitabu kimoja cha mzaha kilimtangaza kuwa mwongozaji mbovu kuliko wote katika historia ya filamu. Tangazo hilo ndilo lililomfanya ajulikane. Watu wengi walianza kutafuta filamu zake ili wazicheke, na baadhi yao wakajikuta wanazipenda.

Maisha ya awali

Wood alizaliwa mjini Poughkeepsie, katika jimbo la New York, kando ya mto Hudson. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta. Mama yake, Lillian, alikuwa na mazoea ya kumvisha mwanawe nguo za kike alipokuwa mdogo. Hivyo ndivyo Wood mwenyewe alivyowasimulia watu wake wa karibu. Kupenda mavazi ya kike kulibaki naye maisha yake yote. Alipenda hasa masweta ya manyoya laini ya angora, ambayo yanaonekana mara kwa mara katika filamu zake. Hakuwahi kuficha jambo hilo kwa marafiki.

Mapenzi yake mengine yalikuwa sinema. Akiwa kijana alifanya kazi katika ukumbi wa sinema wa mjini kwao, akiwaonyesha watazamaji viti vyao, na hivyo akaona filamu nyingi bila kulipa. Alizipenda filamu za wachunga ng'ombe za Buck Jones, na zaidi ya zote alimpenda Bela Lugosi, mwigizaji mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa maarufu kwa kuigiza Dracula mwaka 1931. Wazazi wake walimnunulia kamera ndogo ya filamu, naye akaanza kupiga picha za kila alichokiona.

Mwaka 1942, miezi michache baada ya Japani kushambulia bandari ya Pearl Harbor, alijiunga na kikosi cha Marines na kupelekwa katika Bahari ya Pasifiki. Baadaye alipenda kusimulia kwamba alipigana vitani huku amevaa nguo za ndani za kike chini ya sare yake, akihofia kujeruhiwa kuliko kufa, kwa sababu madaktari wangegundua siri yake. Masimulizi yake ya vita yanapaswa kupokelewa kwa tahadhari. Watafiti waliochunguza maisha yake wameona kwamba alikuwa msimuliaji mwenye kutia chumvi.

Kuhamia Hollywood

Alifika Hollywood mwaka 1947. Mwaka uliofuata alianza filamu fupi ya wachunga ng'ombe ambayo hakuimaliza, na akaandaa tamthilia iliyoitwa The Casual Company, iliyotokana na maisha ya jeshini. Tamthilia hiyo haikusifiwa. Kwa miaka michache alijikimu kwa kazi ndogondogo, akitengeneza matangazo ya televisheni na kuandika miswada ambayo hakuna aliyeinunua.

Ili kuelewa jinsi mtu asiye na mtaji alivyoweza kutengeneza filamu wakati ule, ni vizuri kujua hali ya biashara yenyewe. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kampuni kubwa za filamu hazikuwa na haki ya kudhibiti kumbi za sinema kama zilivyokuwa zikifanya. Kumbi zikawa huru kununua filamu popote. Wakati huohuo televisheni ilikuwa inawabakiza watu majumbani, na kampuni kubwa zikapunguza filamu za bei nafuu walizokuwa wakizitoa kwa wingi ili kusindikiza filamu kuu. Lakini kumbi za mitaani, na vile viwanja ambamo watu waliangalia sinema wakiwa ndani ya magari yao, bado vilihitaji filamu mbili kwa tiketi moja. Pengo hilo lilijazwa na watayarishaji wadogo waliofanya kazi katika vyumba vya kukodi kwa siku chache, kwa fedha za kukopa. Kigezo chao kilikuwa kimoja tu: filamu iwe na jina la kuvutia na bango la kutisha. Yaliyomo ndani hayakuwa na uzito mkubwa, maana mtazamaji alikuwa amekwisha kulipa.

Ni katika soko hili Wood alipata nafasi.

Glen or Glenda

Mwishoni mwa mwaka 1952 magazeti ya Marekani yalijaa habari za Christine Jorgensen, askari wa zamani aliyefanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia nchini Denmark. George Weiss, mtayarishaji wa filamu za bei nafuu, alitaka kuchuma fedha haraka kutokana na habari hizo. Wood alimshawishi kwamba yeye ndiye anayefaa kuongoza filamu hiyo, kwa kuwa jambo lenyewe alilijua kwa undani.

Kilichotoka mwaka 1953 hakikuwa kile Weiss alichokiagiza. Sehemu kubwa ya Glen or Glenda haihusu upasuaji. Inamhusu mwanamume mwenye mchumba, ambaye anapenda kuvaa nguo za kike na hajui jinsi ya kumweleza mchumba wake kabla ya ndoa. Wood aliigiza sehemu hiyo mwenyewe kwa jina la bandia la Daniel Davis, na sehemu ya mchumba ikachezwa na Dolores Fuller, aliyekuwa mpenzi wake wakati ule. Katika tukio moja mchumba anavua sweta lake la angora na kumkabidhi.

Filamu hii ni mchanganyiko wa ajabu. Kuna daktari anayetoa mhadhara, kuna picha za barabara kuu na za kiwanda cha chuma zilizonunuliwa kutoka katika mabaki ya filamu nyingine, kuna ndoto ndefu yenye shetani, na kuna Bela Lugosi ameketi kwenye kiti kati ya mafuvu na chupa za maabara, akitoa maneno ya kutisha ambayo uhusiano wake na hadithi ni vigumu kuuona. Hata hivyo, katika mwaka 1953 sheria za miji mingi ya Marekani ziliwaruhusu polisi kumkamata mwanamume aliyevaa mavazi ya kike hadharani. Filamu inayowaomba watazamaji wamwonee huruma mtu wa namna hiyo, ikiigizwa na mtu mwenyewe, ilikuwa kitu ambacho hakuna kampuni kubwa ingethubutu kukitoa. Udhaifu wake wote wa kiufundi haufuti ukweli huo.

Dolores Fuller aliachana na Wood baada ya miaka michache. Baadaye alifanikiwa kuwa mtunzi wa nyimbo, na baadhi ya nyimbo alizoshiriki kuzitunga ziliimbwa na Elvis Presley.

Urafiki na Bela Lugosi

Wood alitambulishwa kwa Lugosi na Alex Gordon, Mwingereza aliyekuwa akiandika na kutayarisha filamu. Wakati huo Lugosi alikuwa mzee, ameishiwa fedha na amesahauliwa na kampuni zilizomtajirikia. Alikuwa pia amezoea dawa za kulevya zilizoanza kama tiba ya maumivu ya mwili. Kwa Wood, huyu alikuwa bado shujaa wa utotoni mwake.

Watu wamebishana kuhusu urafiki huu. Wapo wanaosema Wood alitumia jina la mzee mgonjwa ili kuuza filamu zake, na kweli bila jina la Lugosi asingepata wafadhili. Wengine wanakumbusha kwamba hakuna mtu mwingine Hollywood aliyekuwa akimpa Lugosi kazi ya maana, na kwamba Wood alikuwa akienda kumtazama hata usiku wa manane. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Filamu yao kubwa ya pamoja ni Bride of the Monster (1955). Lugosi anaigiza mwanasayansi aliyefukuzwa kwao, ambaye anataka kuunda jamii ya watu wenye nguvu kwa kutumia atomiki. Msaidizi wake ni Tor Johnson, mwanamieleka mnene mzaliwa wa Uswidi. Fedha za filamu zilikwisha katikati, na mfadhili aliyepatikana alikuwa mfanyabiashara wa nyama, ambaye kijana wake akapewa nafasi ya shujaa. Wood alitumia pweza wa mpira aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu ya kampuni nyingine. Pweza huyo alifika bila mtambo wa kumchezesha mikono, kwa hiyo mwigizaji aliyepaswa kuuawa alilazimika kulala majini na kujizungushia mikono ya pweza mwenyewe, huku akipiga kelele. Lakini ndani ya filamu hiyohiyo kuna hotuba ambayo Lugosi anazungumza kuhusu kutokuwa na makao na kudharauliwa na walimwengu. Aliitoa kwa uzito wote aliokuwa nao, na anayeifahamu hali yake wakati ule huona vigumu kuicheka.

Mwaka 1955 Lugosi alijipeleka mwenyewe hospitalini kutibiwa uraibu, jambo ambalo watu maarufu wa wakati ule hawakulifanya hadharani. Alipona, lakini alifariki tarehe 16 Agosti 1956.

Plan 9 from Outer Space

Lugosi alipofariki, Wood alikuwa na dakika chache tu za picha zake zisizo na sauti: mzee akiwa mazikoni, mzee akitoka nje ya nyumba na kunusa ua, mzee akitembea makaburini mchana akiwa na joho la Dracula. Picha hizo zilipigwa kwa ajili ya mradi ambao haukuendelea. Mtu mwingine angeziweka kabatini. Wood aliandika filamu nzima kuzizunguka.

Kwa kuwa nyota wake alikuwa kaburini, sehemu iliyobaki ilichezwa na Tom Mason, tabibu wa maungo aliyekuwa akimtibu mke wa Wood. Mason alikuwa mrefu kuliko Lugosi na hakufanana naye, hivyo anatembea katika filamu yote akiwa amefunika uso kwa joho.

Fedha zilitoka kwa waumini wa kanisa la Kibaptisti wakiongozwa na J. Edward Reynolds, waliotumaini kwamba faida ingewawezesha kutengeneza filamu za dini. Walikubali kwa masharti. Baadhi ya wahusika, akiwemo Wood na Tor Johnson, walibatizwa. Jina la kwanza la filamu, Grave Robbers from Outer Space, yaani wezi wa makaburi kutoka anga za mbali, liliwakwaza wafadhili likabadilishwa. Reynolds mwenyewe anaonekana katika filamu kama mchimba kaburi.

Hadithi inawahusu wageni kutoka sayari nyingine wanaofufua maiti wa makaburi fulani huko California. Wanafanya hivyo ili binadamu wawasikilize, kwa kuwa binadamu wanakaribia kuunda bomu litakalolipua mwanga wa jua wenyewe na kuangamiza ulimwengu wote. Watazamaji wengi hulisahau hilo kwa sababu ya vituko vinavyolizunguka, lakini filamu ilipigwa mwishoni mwa mwaka 1956, miaka 11 baada ya Hiroshima, na hofu iliyomo ndani yake ilikuwa ya kweli.

Vituko vyenyewe ni vingi. Mawe ya makaburi yanatikisika mtu akipita. Chumba cha marubani wa ndege kina pazia badala ya mlango, na hakina vyombo vya kuendeshea. Gari la polisi linaondoka mchana na kufika usiku. Hili la mwisho lina sababu: kupiga picha usiku kulihitaji taa nyingi na mafundi wa kulipwa, kwa hiyo watayarishaji wadogo walipiga mchana na kutegemea picha itiwe giza baadaye. Kazi ya kutia giza isipofanyika, mchana hubaki mchana. Askari mpelelezi anajikuna kwa mtutu wa bastola yake. Kuna imani iliyoenea kwamba visahani vya angani katika filamu vilikuwa sahani za karatasi au vifuniko vya magurudumu ya gari. Kwa hakika vilikuwa vitu vya kuchezea watoto vya plastiki vilivyouzwa madukani, vikaning'inizwa kwa nyuzi. Nyuzi zinaonekana.

Waigizaji walikuwa kundi la marafiki. Alikuwepo Maila Nurmi, aliyejulikana kama Vampira kutokana na kipindi chake cha televisheni, ambaye hasemi neno lolote katika filamu. Alikuwepo Criswell, mtabiri wa televisheni ambaye utabiri wake mara nyingi haukutimia, anayefungua na kufunga hadithi. Wood alikuwa mkarimu kwa watu wa namna hii, walioachwa pembeni na Hollywood, na wao walimfanyia kazi kwa malipo madogo sana.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1957 katika ukumbi wa Carlton mjini Los Angeles, lakini ilikaa muda mrefu kabla ya kupata msambazaji. Baadaye iliuzwa kwa vituo vya televisheni, vilivyoihitaji kujaza saa za usiku wa manane. Hapo ndipo watazamaji wake wa kweli walipoikuta: vijana ambao hawakupata usingizi, waliofungua televisheni bila kujua wanachokiona, na ambao kesho yake waliwasimulia wenzao na hawakuaminiwa.

Miaka ya mwisho

Baada ya hapo mambo yalizidi kuharibika. Night of the Ghouls ilikamilika mwaka 1959, lakini Wood hakuweza kuilipa maabara iliyosafisha filamu, nayo maabara ikaizuia. Haikutolewa kwa umma hadi miaka ya 1980, wakati mwongozaji wake hayupo tena duniani. The Sinister Urge (1960) ilikuwa miongoni mwa filamu zake za mwisho za kawaida.

Aliishi kwa kuandika. Alitoa makumi ya riwaya za bei rahisi, pamoja na hadithi nyingi za magazeti ya watu wazima. Aliandika upesi mno, mara nyingi akiwa amelewa. Aliandika pia miswada kwa ajili ya waongozaji wengine, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliongoza filamu chache za ngono. Pombe ilikuwa imemtawala.

Mke wake Kathy O'Hara, aliyemwoa mwaka 1956 baada ya ndoa fupi sana na Norma McCarty, alibaki naye katika yote hayo. Mwezi Desemba 1978 walifukuzwa katika nyumba ya kupanga kwa kushindwa kulipa kodi, na vitu vyao vingi, ikiwemo miswada, vikapotea. Rafiki yao, mwigizaji Peter Coe, aliwapokea nyumbani kwake. Siku chache baadaye, tarehe 10 Desemba, Wood alifariki humo kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 54. Mwili wake ulichomwa na majivu yakatupwa baharini.

Umaarufu baada ya kifo

Mwaka 1980 ndugu wawili, Harry na Michael Medved, walitoa kitabu The Golden Turkey Awards, kilichogawa tuzo za mzaha kwa filamu mbovu. Wasomaji walikuwa wamepiga kura kuchagua filamu mbaya kuliko zote, na Plan 9 from Outer Space ikashinda. Waandishi wenyewe wakampa Wood taji la mwongozaji mbovu kuliko wote. Kathy alikuwa hai wakati huo na alikuwa maskini.

Kumbi za sinema zilianza kuonyesha filamu zake usiku wa manane, na watu walijaa. Kanda za video zilipoenea, filamu hizo zikafika mahali ambapo sinema zake hazikuwahi kufika. Kwa wengi kicheko hakikudumu peke yake. Mtu akiiona Plan 9 mara ya kwanza huhesabu makosa; akiiona mara ya tatu ameyazoea makosa, na kinachobaki ni mtu aliyetaka sana kusema kitu. Filamu mbovu kwa maana halisi ni ile inayochosha, na mwaka 1957 zilitengenezwa nyingi za namna hiyo, zenye mawe ya makaburi yasiyotikisika, ambazo leo hakuna anayezikumbuka. Wood hakuwa na uwezo wa kumdanganya mtazamaji kama mafundi wa kampuni kubwa walivyoweza. Katika kazi yake kamba zote zinaonekana, pamoja na mtu anayezivuta. Mashabiki wa filamu za gharama ndogo hutafuta jambo hilo hasa, na wengi wao huingia kwa mlango wa dhihaka kwanza. Taji la kuwa mbovu kuliko wote, kwa hiyo, halikumfaa, ingawa bila hilo pengine filamu hizi zingeozea katika maghala.

Mwaka 1992 Rudolph Grey alichapisha Nightmare of Ecstasy, kitabu kilichokusanya kumbukumbu za watu waliomfahamu Wood, ambazo mara nyingi zinapingana. Kutokana nacho Tim Burton aliongoza filamu Ed Wood (1994), iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, Johnny Depp akiwa Wood. Martin Landau, aliyemwigiza Lugosi, alishinda tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi, na filamu ikapata Oscar nyingine ya upambaji wa sura. Ni filamu nzuri, lakini si ya kutumiwa kama kitabu cha historia: mazungumzo ya Wood na Orson Welles yaliyomo ndani yake ni ya kubuni, na inaishia mwaka 1957 kwa furaha, bila kuonyesha miaka 21 iliyofuata. Iligharimu takriban dola milioni 18, fedha nyingi kupita kiasi ukilinganisha na filamu zote za Wood mwenyewe, na kwenye kumbi za sinema ilipata hasara.

Mswada mmoja wa Wood ambao hakufanikiwa kuutengenezea filamu, I Woke Up Early the Day I Died, ulitengenezwa mwaka 1998 na watu wengine. Kathy aliishi hadi mwaka 2006. Hakuolewa tena.